Mpichi ni Mti wa Mkasi: Vidokezo 15 vya Kupanda na Kutunza Mipichi Nyumbani

Kuelekea mwisho wa mwaka, ukipanda barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, utayaona mapichi kabla hujafika mjini. Yamepangwa kwenye ndoo na vikapu kando ya barabara, pamoja na maplamu. Njombe, Makete na Mbeya yapo. Ukivuka mpaka hadi Limuru au Nyeri, yapo pia. Mti huu umeizoea milima yetu tangu zamani.

Hata hivyo, mapichi mengi tunayokula ni madogo na magumu, na ukiyapasua huenda ukakuta funza ndani. Kosa si la udongo wala la mvua. Mipichi mingi ya majumbani imeachwa ijilee yenyewe. Mwembe unaweza kuuacha ukaendelea kuzaa miaka nenda miaka rudi, lakini mpichi hauko hivyo. Kila mwaka unataka kupunguziwa matawi, majani na matunda. Anayeogopa kukata ataishia kula matunda ya wenzake.

Ukifuata vidokezo hivi, mti mmoja tu uani utawatosha nyumbani na majirani wakapata chao.

1. Pima kwanza baridi ya kwenu

Asili ya mpichi ni China, kwenye majira ya baridi kali, na hadi leo mti huu unaidai baridi hiyo. Matumba ya maua hutengenezwa mapema, kisha hulala. Ili yaamke yote kwa pamoja, mti lazima upitie saa kadhaa za baridi, na wataalamu huhesabu zile saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Mpichi uliokosa baridi huchipua majani ovyo, hutoa maua machache na kuzaa kidogo sana.

Kwetu baridi huletwa na mwinuko. Kuanzia mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari unaweza kujaribu, na ukipanda zaidi mambo huwa mazuri zaidi. Kama mwezi wa Julai kwenu hakulaliki bila blanketi zito, na majirani wana mipeasi inayozaa, panda bila wasiwasi. Kama unaishi Dar es Salaam, Tanga mjini au Mombasa, weka nguvu zako kwenye mpera au mstafeli. Huko mpichi utaota na kupendeza, lakini usitarajie matunda.

2. Tafuta aina inayoridhika na baridi kidogo

Aina nyingi zinazosifiwa Ulaya na Marekani Kaskazini zinahitaji saa 600 hadi 1,000 za baridi. Hata Njombe haiwezi kuzitosheleza. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuzalisha aina za sehemu zenye joto, na mbili kati ya zinazojulikana, Flordaprince na TropicBeauty, huhitaji kama saa 150 tu. Ukiyasikia majina hayo kwenye kitalu, simama uulize zaidi.

Kama muuza miche hajui jina la aina, muulize mti mama uko wapi na unazaa vipi. Mche uliotoka kwenye mti unaozaa kila mwaka, katika mwinuko kama wa kwenu, unaaminika kuliko mche wenye jina kubwa usiojulikana ulikotoka. Afisa ugani wa kata, au taasisi za utafiti wa kilimo kama TARI Tengeru karibu na Arusha, TARI Uyole kule Mbeya, au KALRO kwa walioko Kenya, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Halafu, usihangaike kununua miche miwili kwa kuhofia uchavushaji. Mipichi mingi hujichavusha yenyewe. Mti mmoja unatosha, na nyuki wakiutembelea mavuno huongezeka.

3. Nunua mche wa kubebesha, kokwa iwe mpango wa pili

Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na matunda yake hufanana na ya mti mama. Chagua mche ulionyooka, wenye urefu wa kati ya sentimita 60 na 100, na mahali pa kuungia pawe pamepona vizuri. Mwombe muuzaji akuonyeshe mizizi. Ikiwa imejizungusha chini ya kiriba, au ina vinundu vinundu vya minyoo fundo, uache mche huo.

Kokwa nayo huota. Chagua pichi lililoiva vizuri kutoka mti bora kuliko yote unayoijua, safisha kokwa na uikaushe kivulini. Ipasue taratibu utoe mbegu, uifunge kwenye kitambaa au mchanga wenye unyevu, kisha uiweke kwenye friji miezi miwili hadi mitatu. Baridi hiyo ndiyo inayoiamsha. Mti wa kokwa huzaa baada ya miaka mitatu au minne, na matunda yake yanaweza yasifanane na ya mamaye. Wengi huutumia kama shina la kubebeshea.

Wakati wa kupasua kokwa, watoto wawe mbali au wawe wameonywa. Mbegu ya ndani ina kemikali inayogeuka sumu ya sianidi ikitafunwa. Si ya kuliwa.

4. Chagua mahali penye jua na pasipotuamisha maji

Mpichi unataka jua la saa sita hadi nane kwa siku. Chini ya mparachichi au nyuma ya nyumba palipo na kivuli, utarefuka ukilitafuta jua na kuacha matunda machache kileleni, usikoweza kufikia.

Adui mkubwa wa mizizi yake ni maji yaliyotuama. Mizizi ikikosa hewa siku chache tu, mti huanza kunyauka huku udongo umelowa. Jaribu hivi: chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena. Kama kesho yake maji bado yapo, hama sehemu, au inua tuta la sentimita 30 hivi na kupanda juu yake.

Kwa wa Njombe, Makete na nyanda nyingine za barafu ya alfajiri, panda kwenye mteremko, si bondeni. Hewa ya baridi huteremka usiku na kujikusanya chini, na maua yakishaunguzwa na barafu hakuna dawa ya kuyarudisha.

Na mahali palipokufa mpichi mwingine, usipande mpichi. Udongo ule umeshajaa wadudu na vimelea vinavyoisubiri mizizi mipya. Panda mahindi, maharage au mboga hapo kwanza.

5. Andaa shimo mwezi mzima kabla ya mvua

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza au mboji, urudishe shimoni, uache ushuke na kutulia hadi mvua ianze. Samadi mbichi huunguza mizizi, hivyo isubiri iive.

Udongo mwingi wa milimani ni chachu kutokana na mvua nyingi, na mpichi hupenda kipimo cha pH cha 6 hadi 6.5. Kama una nafasi ya kupima udongo, pima. Ukiambiwa ni chachu, changanya chokaa ya kilimo kwa kiwango utakachoelekezwa.

Unapanda zaidi ya mti mmoja? Acha mita 4 hadi 5 kati ya mti na mti. Leo nafasi hiyo itaonekana kubwa mno, lakini mwaka wa nne utashukuru.

6. Panda mvua zikianza, kisha ukate mche kichwa

Ondoa kiriba chote, nyoosha mizizi, na uweke mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Alama ya kubebesha ibaki sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi. Ikifukiwa, kipandikizi kinaweza kutoa mizizi yake chenyewe, na ile nguvu ya shina la chini uliyoilipia ikapotea. Shindilia udongo kwa mguu, mwagia ndoo ya lita 20, na uweke kijiti cha kuegemea kama pana upepo.

Sasa kazi inayowatia watu hofu. Chukua mkasi, ukate mche kwenye urefu wa sentimita 60 hadi 75 kutoka ardhini. Ndiyo, siku hiyo hiyo. Mizizi iliyotoka kitaluni haiwezi kulisha kichwa kikubwa, na mche usiokatwa hupanda juu kama mlingoti bila matawi ya chini. Ukikatwa hapo, utachipua matawi kadhaa kwenye kimo cha kiuno, na hayo ndiyo yatakayobeba mti maisha yake yote.

7. Ujengee umbo la bakuli miaka miwili ya kwanza

Samaki mkunje angali mbichi. Machipukizi yakifikia urefu wa mkono, chagua matatu au manne yenye nguvu, yaliyoelekea pande tofauti na yasiyotoka sehemu moja ya shina. Mengine yote yaondoe. Katikati pabaki wazi, bila tawi linalosimama wima.

Tunahangaikia bakuli kwa sababu jua likiingia hadi ndani, matawi ya ndani nayo hutoa matumba, matunda hupata rangi, na umande hukauka mapema asubuhi, hivyo ukungu hukosa pa kukaa. Tawi linalosimama sana livute taratibu kwa kamba na kigingi liinamie nje. Maotea yanayochomoza chini ya alama ya kubebesha yang'oe kila yanapotokea, kwa kuwa hayo ni ya shina la chini, wala si ya aina uliyoinunua.

8. Mwagilia kwa kina, kisha tandaza

Vijikombe vya maji kila jioni hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi hufuata maji yalipo. Mti mchanga wakati wa kiangazi upe ndoo ya lita 20 mara moja au mbili kwa wiki, kulingana na jua na udongo wenu. Mti mkubwa hudai maji zaidi wiki chache za mwisho kabla ya kuvuna, pichi linapokua haraka. Kiu ya wakati huo huzaa matunda madogo.

Tandaza majani makavu, nyasi au maganda ya maharage kwa unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina hulowesha gome na kukaribisha panya na uozo. Palizi ifanywe kwa mkono karibu na shina, kwani jembe likikwaruza gome hufungua mlango wa magonjwa.

9. Mbolea kwa kiasi, ukisoma urefu wa machipukizi

Kila mwaka mvua zikianza, mti mchanga upe debe moja la samadi iliyooza, na mkubwa madebe mawili hadi matatu. Sambaza chini ya mwisho wa matawi, maana mizizi inayokula iko huko. Mti mchanga unaweza kuongezewa vijiko viwili vya chakula vya mbolea ya CAN mwezi mmoja baada ya kushika, na vingine viwili miezi miwili baadaye, udongo ukiwa na unyevu.

Mti wenyewe utakuambia kama umeshiba. Kwenye mti unaozaa, machipukizi ya mwaka yakiwa na sentimita 30 hadi 45, umepatia. Yakiwa mafupi na majani yamefifia, ongeza. Yakipita sentimita 60 na majani yana kijani cheusi, punguza, kwa sababu mti unakula na kujenga majani huku ukisahau matunda. Nao vidukari hupenda sana machipukizi laini ya namna hiyo.

10. Upumzishe mti kipupwe kinapoingia

Kwenye nchi zenye theluji, mpichi hupukutisha majani wenyewe na kulala. Huku milimani baridi yetu ni ya wastani, hivyo baadhi ya mipichi hubaki na majani nusu nusu, ikachanua tawi hili Julai na lile Septemba. Mavuno ya namna hiyo huja vipande vipande, na inzi wa matunda hupata chakula cha miezi mingi.

Wakulima wa nchi za joto wana mbinu wanayoitumia hata kwenye mitufaha. Acha kumwagilia kuanzia Mei au mwanzoni mwa Juni. Majani yakishakomaa na kuwa magumu, na macho ya kwenye matawi yakionekana yamejaa, yapukute majani yote kwa mkono, ukiyavuta kuelekea ncha ya tawi ili usijeruhi macho. Mti mmoja wa nyumbani haukuchukulii asubuhi nzima. Mti usiopukutisha wenyewe huamka kwa pamoja baada ya hapo, ukachanua kwa pamoja. Usiufanyie hivyo mti mgonjwa au mche wa mwaka wa kwanza.

11. Pogoa kila mwaka bila huruma

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu katika hivi vyote, kumbuka hiki. Mpichi huzaa kwenye vijiti vilivyoota mwaka jana peke yake. Kijiti kikishazaa, hakizai tena mahali pale. Mti usiopogolewa huzaa mbali zaidi kila mwaka, hadi katikati panabaki matawi matupu ya kijivu na matunda yako juu ya paa.

Pogoa mwishoni mwa mapumziko, Julai au mwanzoni mwa Agosti, kabla macho hayajavimba, na chagua siku kavu. Tumia mkasi mkali wa matawi na msumeno mdogo, na ufute makali kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Anza na vilivyokufa na vilivyougua. Fuatisha vinavyosimama wima katikati, vinavyopishana, na vile vyembamba vinavyoning'inia.

Kisha tazama vijiti vya mwaka jana. Utavitambua kwa ngozi laini yenye wekundu au ukijani, tofauti na gome la kijivu la zamani. Mara nyingi utaona macho yamekaa matatu matatu: mawili manene ya maua, na jembamba la jani katikati. Bakiza vijiti vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 30 hadi 50, ukiacha kiganja kimoja kati ya kijiti na kijiti. Vingine viondoe. Ukimaliza, uwe umetoa kati ya theluthi na nusu ya vijiti vya mwaka jana, na kimo cha mti kisipite mita 2.5. Jirani akikuambia umeuua mti, mwalike wakati wa mavuno.

Mwisho, paka shina na matawi makubwa chokaa iliyochanganywa na maji. Gome lililofunuliwa ghafla huungua na jua, na mahali palipoungua wadudu hutoboa.

12. Punguza matunda yakiwa madogo

Mpichi hushika matunda mengi kuliko unavyoweza kuyalisha. Ukiyaacha yote, utapata kokwa zilizovikwa ngozi, matawi yatakatika, na mwaka unaofuata mti utazaa kidogo kwa uchovu.

Matunda yakifikia ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kiasi cha wiki nne hadi sita baada ya maua, pita kila tawi. Ondoa yaliyotobolewa, yaliyopinda na yaliyobanana, hadi libaki moja kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Ardhi chini ya mti itajaa matunda mabichi, na moyo utakuuma. Vumilia. Fanya hivyo kabla kokwa haijawa ngumu, maana baada ya hapo chakula kingi kimeshatumika kujengea kokwa na faida hupungua. Sehemu kubwa ya uzito unaoupoteza hapo hurudi katika matunda yaliyobaki, tena ukiwa nyama na utamu.

13. Mnyime inzi wa matunda pa kuzalia

Inzi jike hutoboa ngozi ya pichi linaloanza kulainika na kutaga ndani. Funza hula, tunda huanguka, funza hutoka na kuingia udongoni, na baada ya muda inzi wapya huruka. Juu ya inzi wenyeji wa zamani ameongezeka mwingine kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea sehemu kubwa ya Afrika. Huyo hushambulia maembe, mapera na mapichi bila kuchagua.

Kuvunja mzunguko huo kunaanzia chini ya mti. Okota matunda yaliyoanguka kila siku, pamoja na yaliyooza juu. Usiyatupe kwenye shimo la mboji wala kuyaacha pembeni. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki usiopitisha hewa, uuache juani siku kadhaa, au yafukie zaidi ya nusu mita. Waachie kuku wachakure chini ya mti, nao watawala waliojificha udongoni.

Baada ya kupunguza matunda, yavike yaliyobaki mifuko ya khaki au ya magazeti. Kwa mti mmoja wa nyumbani hiyo ni kinga ya uhakika isiyo na sumu. Maduka ya pembejeo huuza pia mitego yenye vivutio. Itundike mapema, kabla matunda hayajaanza kulainika. Na zungumza na majirani, kwa sababu mti mmoja ulioachwa na matunda yaliyooza hulisha inzi wa mtaa mzima.

14. Tambua magonjwa mapema, na piga dawa kwa wakati

Majani machanga yakivimba, kujikunja na kugeuka mekundu, huo ni ukungu wa kujikunja majani. Ukishauona umechelewa kwa msimu huo, lakini okota na kuchoma majani yaliyougua. Dawa ya shaba hupigwa mti ukiwa hauna majani, mara tu baada ya kupogoa na kabla macho hayajafunguka. Fuata vipimo vya kwenye lebo, vaa glavu na barakoa.

Majani yakijikunja bila kubadilika rangi, yageuze. Huenda ni vidukari. Wapulizie maji yenye sabuni, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa lita, jioni jua likishapoa, ukilenga chini ya jani. Usiwaue wadudu kobe, hao hula vidukari.

Ulimbo ukitoka kwenye shina, tafuta sababu yake. Ukiwa na unga wa mbao, kuna mdudu ametoboa. Ukiwa hauna, angalia jeraha la jembe, ugonjwa wa gome, au maji yanayotuama mizizini. Matawi yenye gome lililooza yakate hadi kwenye mti mzima, na uyachome mbali na bustani.

15. Vuna kwa kusoma rangi ya chini, na usitupe ziada

Wekundu wa shavuni haukuambii kuwa pichi limeiva, kwani hutegemea aina na jua. Tazama rangi iliyo chini ya wekundu. Ikitoka ukijani na kuwa ya njano au ya maziwa, tunda liko tayari. Lishike kwa kiganja chote na kulizungusha kidogo, litaachia. Ukilibonyeza kwa kidole gumba, alama hiyo huwa nyeusi kesho yake.

Usivune mabichi ukitegemea yataongeza utamu ndani. Pichi likishachumwa hulainika, lakini sukari yake haiongezeki. Pita kwenye mti kila baada ya siku mbili au tatu, uchume yaliyofikia tu. Yalaze safu moja, na friji iwe ya yale yaliyokwisha kulainika.

Yakizidi, yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na ganda litatoka kwa mkono. Kata vipande, kamulia limau yasiwe meusi, uyakaushe juani chini ya chandarua. Au pika jamu: kilo moja ya mapichi, nusu hadi robo tatu ya kilo ya sukari na maji ya limau moja, moto wa wastani hadi iwe nzito. Iweke kwenye chupa zilizochemshwa.

Na kama tayari una mpichi mzee uani?

Usiung'oe haraka. Mpichi unaotunzwa huzaa vizuri miaka 15 hivi, na mingi iliyodharauliwa bado ina nguvu. Tafuta chipukizi hai lililo chini kwenye tawi kubwa, ukate tawi hilo juu kidogo ya chipukizi. Fanya theluthi moja ya mti kila mwaka kwa miaka mitatu, ili usiushtue. Gome tupu la zamani huchipua kwa shida, kwa hiyo usikate mahali pasipo na uhai chini yake.

Kipupwe kijacho, kabla macho hayajavimba, chukua mkasi utoke uani. Kata zaidi ya ulivyozoea, punguza matunda zaidi ya unavyotamani, na okota kila lililoanguka. Mpichi hulipa kazi hiyo msimu ule ule.